Plagi Nne Nyeusi

Hakuwa na cheti. Hakuwa na winchi. Injini aliziinua kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti. Hakuwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilichobaki ndani ya feni ya lori moja ambalo hata mwenyewe hakurudi kulichukua. Hakuwa na kaka, wala mtoto wa kiume, wala meno mawili ya nyuma. Gereji yake haikuwa na mlango, ilikuwa na bati na gogo la kulizuia. Na hakuwa na subira, hata ile ndogo ya kungoja chai ipoe, ndiyo maana kila mara ulimi wake ulikuwa umeungua.

Alichokuwa nacho ni masikio, na watu walimwita hivyo hivyo: Masikio. Aliweza kukaa ameligeuzia gari mgongo, anakula zake, akakwambia silinda ya tatu haichomi. Kwa sababu hiyo madereva wa mashindano ya kupanda mlima walimletea magari yao azitunie injini: apanue njia za hewa, abadilishe kabureta, aongeze mgandamizo, mpaka gari la kwendea sokoni lingurume kama lina ugomvi na mtu.

Mmoja wa madereva hao alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye mji mzima ulimwita Kimbunga. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, mpenda kupigwa picha, na mguu wake wa kulia haukujua kuinuka ukishakaa kwenye akseleta. Masikio ndiye aliyemtunia gari tangu alipoanza. Miaka yote hiyo waligombana na kupatana, wakagombana tena, kama mashemeji wengine.

Safari hii hawakupatana.

Kimbunga alidhaminiwa na tajiri mmoja muuza betri, na tajiri huyo alikuwa na sharti lake. Asubuhi ya mashindano gari lazima lipite mjini kwanza, polepole, nyuma ya pikapu yenye vipaza sauti, ili watu wasome jina la betri zake milangoni. Kwa tajiri hayo yalikuwa matangazo. Kwa injini ile ilikuwa sumu.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Injini iliyotuniwa hufungwa kwenye kabureta jeti kubwa, yaani vitundu vya kupitishia petroli, ikapata petroli nyingi kuliko ya kawaida, na mafundi husema mchanganyiko wake ni mzito. Petroli ya ziada haichomwi yote. Kazi yake ni kupoza ndani ya silinda pale dereva anapokanyaga mpaka mwisho, ili pistoni isiyeyuke. Injini ya namna hiyo hufungwa plagi baridi, yaani zile zinazotoa joto upesi. Zikifanyishwa kazi kweli kweli hubaki safi. Ukizitembeza polepole hazipati joto la kuunguza uchafu wake, petroli ya ziada inageuka masizi, masizi yanaivaa ncha ya plagi, na umeme, badala ya kuruka na kutoa cheche, unateleza juu ya masizi na kupotelea kwenye chuma. Gari linaanza kumisi, moto ukikatika na kurudi. Kisha linazima.

Dawa yake ni ndogo. Kwa ajili ya matembezi ya mjini Masikio alifunga plagi za moto, zisizoshika masizi kirahisi. Zile nne baridi alizifunga kwenye kitambaa akamkabidhi shemeji yake.

"Ukifika mlimani utanikuta na spana," alimwambia. "Tunafungua boneti, tunatoa hizi, tunaweka hizi. Basi."

Kimbunga alikunja uso. "Mbele ya watu?"

"Kwani watu wanakuja kutazama nini, harusi?"

Lakini kwa madereva wa mlima ule, kufungua boneti kwenye mstari wa kuanzia ilikuwa aibu kuliko kushika mkia. Gari lililofunguliwa pale lilizomewa. Watu walipiga makopo na kuimba, "Mgonjwa huyo! Mgonjwa huyo!" na dereva alitoka na jina la utani lisilofutika. Kimbunga alikuwa ameshaimba wimbo huo kwa wenzake mara nyingi, na hakutaka kuimbiwa. Kwa hiyo asubuhi ile, kabla hajatoka uani kwa tajiri, alizitoa plagi za moto kwa mkono wake na kufunga zile baridi, ili mlimani asiwe na sababu ya kufungua chochote. Kisha akalitembeza gari mji mzima kwa gia ya kwanza, akipungia watu mkono.

Masikio alilisikia gari kabla hajaliona. Alikuwa amesimama kwenye mstari na spana yake, na sauti iliyopanda ile barabara ilimfanya aikaze spana mpaka vidole vikauma.

"Umefanya nini?" aliuliza kabla gari halijasimama.

"Nimeshabadilisha, shem. Nimekupunguzia kazi."

"Lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi! Umetoka mjini mpaka hapa na plagi baridi? Fungua boneti."

"Shemeji, punguza sauti."

"Fungua boneti, nakwambia!"

"Hapa haifunguliwi," Kimbunga alisema, midomo ikitabasamu kwa ajili ya watu. "Likipata mwendo litajisafisha lenyewe."

Halikujisafisha. Bendera ilipoanguka gari liliruka mbele, likakohoa, likatema moshi mweusi, likamisi, likamisi tena, na kwenye kona ya kwanza likafa kabisa. Lilirudi kinyumenyume, Kimbunga akiwa amekanyaga breki na macho yamemtoka, mpaka likajikita kwenye matairi yaliyopangwa pembeni. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Yangeishia kwenye kicheko kama tajiri asingekuwa na kipaza sauti.

"Gari limejazwa mafuta kupita kiasi!" alitangaza kutoka juu ya pikapu. "Tazameni moshi ule! Na aliyejaza tunamjua, na sababu tunaijua!"

Sababu aliyoisema ilijulikana kweli. Siku chache kabla yake Kimbunga alimwambia Masikio kwamba msimu ujao angehamia kwa Kipara, fundi wa ng'ambo ya daraja, na Masikio alirusha nyundo iliyotoboa bati la gereji yake mwenyewe. Mtaa mzima uliisikia.

"Hii ni hujuma!" tajiri alipaza sauti.

Masikio alipanda juu ya pikapu na kumpokonya kile kipaza sauti. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. "Sikuzidisha hata tone!" alinguruma, na mlima ukamrudishia. "Kabureta ile ina jeti kama za gari lolote lililopita mkononi mwangu! Huyu mpumbavu ameziua plagi mwenyewe!"

Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Nusu ilikuwa uongo, na aliutangaza mbele ya umati.

*

Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishona viti vya magari katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Masikio aliporudi alimkuta ameshapata habari zote, kwa kuwa habari za aibu hazihitaji nauli. Alikanyaga cherehani yake, na mumewe akazunguka chumba akiruka vipande vya ngozi ya bandia.

"Mdogo wako ni takataka," alisema.

Cherehani iliendelea.

"Ningemwacha awe anauza karanga. Mimi ndiye niliyemfundisha hata kushika usukani. Leo naitwa mhujumu! Mimi! Na yule muuza betri, betri zenyewe hazimalizi mwaka!"

"Kaa, baba watoto."

"Sikai."

"Basi simama, lakini nijibu." Aliondoa mguu kwenye pedali. "Ulizidisha, hukuzidisha?"

Masikio alitazama dirishani.

"Nakuuliza mimi, sikuulizi na kipaza sauti."

"Nilizidisha."

Mkewe alikunja mikono. Hakuonekana kushangaa.

"Siku ya majaribio nilisimama kona ya juu kabisa," Masikio alisema, na sasa sauti yake ilishuka, si kwa upole bali kwa kuchoka. "Nikaisikia injini inagonga. Kokoto ndani ya kopo. Hiyo ni pistoni inaomba maji, mke wangu. Dereva mwingine akifika pale anainua mguu kidogo, injini inapumua. Huyu hainui! Kona, shimo, mbuzi amekatiza, yeye amekanyaga tu! Basi nikaongeza jeti saizi mbili. Petroli ya kumpozea."

"Na hukumwambia."

"Dereva haambiwi. Akijua nimemwekea godoro ataruka kutoka juu zaidi."

"Kwa hiyo alijua abadilishe plagi, hakujua kwa nini."

"Kuambiwa kunatosha!"

"Mimi nikikwambia usiketi kwenye kiti kile, utauliza kwa nini, au utakaa?"

Masikio alikuwa ameshakaa. Aliruka, sindano kubwa ya kushonea ngozi ilikuwa imechomekwa kwenye mto wa kiti. Mkewe hakucheka, na kutocheka kwake kulimuudhi kuliko sindano.

Kesho yake ilikuja barua ya chama cha mashindano. Kamati ingekutana Jumamosi kusikiliza shauri la hujuma. Ikimwona ana hatia, hakuna gari lililotoka kwenye gereji yake ambalo lingeruhusiwa kufika mstarini, mwaka huu wala mwaka wowote. Masikio hakuwa na kazi nyingine. Magari ya kawaida yalikwenda kwa mafundi wenye milango.

"Wana ushahidi gani?" alisema, akiikunja barua mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. "Moshi? Kila plagi iliyokufa inatoa moshi. Nilisema sikuzidisha, na nitasema hivyo hivyo. Anayejua ni mimi na wewe."

"Na kabureta," alisema mkewe.

*

Ilikuwa Alhamisi alipokwenda dukani kwa muuza spea kutafuta gasketi. Muuza spea alikuwa mtu wa maneno, hakuuza hata nati bila habari ya kuifungia.

"Karibu, mheshimiwa mhujumu."

"Nipe gasketi, acha upuuzi."

"Usinikasirikie, mimi nimefaidika. Kipara ameninunulia jeti seti nzima kwa ajili ya gari la shemeji yako. Ndogo kabisa! Nikamwambia hizi ni za gari la mwalimu. Akasema ndizo anazotaka. Anasema gari lilikuwa linanyweshwa kama ng'ombe, yeye atalinywesha kwa kijiko. Jumapili linapanda mlima."

Masikio aliiacha gasketi kwenye kaunta.

Aliona jambo lote kama limechorwa. Kipara hakuwa mjinga. Fundi yeyote aliyefungua injini ile na kukuta plagi nne nyeusi angesema mchanganyiko ni mzito mno, na angeweka jeti ndogo. Na gari lingewaka vizuri. Lingekwenda vizuri kuliko lilivyowahi kwenda, jepesi, kali, plagi nyeupe kama meno, Kimbunga akiimba ndani, mpaka kona ya juu. Pale pistoni ingetoboka, injini ingekwama, magurudumu ya nyuma yangegoma kuzunguka. Na upande wa kona ya juu hapakuwa na matairi yaliyopangwa. Palikuwa na upepo tu, na chini kabisa, mawe.

Alivuka daraja kwa miguu, akitukana njia nzima. Alimtukana Kimbunga, akamtukana tajiri, akaitukana gasketi aliyoisahau.

Gereji ya Kipara ilikuwa na geti la chuma, na getini alimkuta mwenyewe, kichwa kikimetameta, akiongea na tajiri wa betri. Kimbunga alikuwa nyuma yao, ameketi juu ya tairi, anakula ndizi. Watu wengine wanne watano walisogea walipomwona Masikio akija. Hakuna anayekosa ugomvi wa bure.

"Usipunguze jeti," Masikio alisema, bila salamu.

"Na wewe hujambo," alijibu Kipara.

"Usipunguze. Rudisha zilizokuwemo. Shida ni plagi tu."

Kipara aliingiza mkono mfukoni mwa ovaroli na kutoa plagi, zile zile nne. Aliziweka kwenye kiganja na kuwazungushia watu. "Jamani, hizi ni plagi au makaa? Nilitaka kupikia."

Watu walicheka. Kimbunga naye alicheka na mdomo uliojaa ndizi.

"Nakwambia kwa mara ya mwisho," Masikio alisema. "Jeti zile ziache."

"Kwa nini?" Sasa Kipara hakuwa akicheka. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi. "Nieleze. Mlimani ulisema jeti ni kama za gari lolote. Mimi nimezitoa, si za gari lolote, ni kubwa. Sasa ama ulisema uongo, ama hujui ulichofunga. Ipi?"

Tajiri aliinua kidevu. Kimbunga aliacha kutafuna.

Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa maneno matatu: nilizidisha kwa makusudi. Masikio aliyaona maneno hayo yakitoka kwake na kuingia kwenye sikio la tajiri, na kutoka sikio la tajiri kwenda kwenye meza ya kamati. Makusudi! Si ndiyo hujuma yenyewe? Alifungua mdomo. Alichotoa ni hiki:

"Kichwa chako ni kitupu ndani kama kilivyo nje!"

"Haya, mtoeni," alisema tajiri.

"Shemeji, nenda nyumbani," Kimbunga alisema kutoka kwenye tairi lake. Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayemwonea mwenzake aibu, na hilo Masikio hakuweza kulivumilia. Alilipiga geti teke, akaumia kidole cha mguu, akaondoka akichechemea huku nyuma wakimpigia makopo.

*

"Ulishindwa kusema," mkewe alisema. Hakuuliza.

"Sikushindwa. Sikutaka."

"Atakufa, na wewe utakuwa hukutaka."

"Usiniletee maneno ya msibani! Nilikwenda! Nimevuka daraja kwa miguu, nimezomewa kama mwizi wa kuku! Nimemwambia aache jeti. Nimefanya zaidi ya—"

Alijikuta anaongea peke yake. Mkewe alikuwa ameshachukua mtandio wake, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Alikawia. Masikio alijaribu kufanya kazi, akaipasua gasketi nyingine aliyokuwa nayo. Alijaribu kunywa chai, akaungua ulimi. Aliwaza kwamba kama Kimbunga angekuwa mtoto wake angemchapa, na kama angekuwa rafiki yake angemwacha, lakini shemeji huwezi kumchapa wala kumwacha, unabaki naye tu kama kokoto kwenye kiatu. Alikumbuka siku alipomfundisha kubadilisha gia, uwanjani, kijana anacheka kila gia zinaposaga. Kumbukumbu hiyo ilimkasirisha zaidi.

Mkewe alirudi jua likiwa linakaribia kuzama. Aliketi bila kuvua mtandio.

"Nimemwambia," alisema.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba uliongeza ili kumpozea injini. Kwamba jeti zikipunguzwa, pistoni itatoboka."

"Na wewe umetumwa na nani?" Masikio alisimama. "Siri yangu unaigawa kama kashata?"

"Sikiliza kwanza. Hakuniamini. Anasema dada, mumeo amekutuma uje kunitisha, ili nirudi kwake. Anasema, kama ni kweli, mbona aliapa mlimani kuwa hakuzidisha? Tajiri alikuwa pale, anamjaza maneno. Mwisho amesema hivi, na mimi nakuletea kama alivyosema." Alivuta pumzi. "Amesema, 'Shemeji akitaka nimwamini, aandike. Aseme ameweka nini na kwa nini, atie sahihi. Akiandika nitajua ni kweli, maana barua hiyo nitaipeleka kwa kamati, na hakuna mtu anayejiandikia hukumu kwa uongo.'"

Masikio alikwenda mpaka dirishani, akarudi.

"Mjanja yule," alisema mwishowe. "Plagi hajui, lakini hilo amelijua."

"Hakusema kwa ubaya."

"Amesema kwa ubaya! Usimtetee! Anataka nijinyonge, na kamba niilete mwenyewe, na niipime shingoni!" Alipiga meza na vifungo vya mkewe vikamwagika sakafuni. "Miaka yote nimemlinda mjinga huyu na mguu wake! Nimemlinda bila kumwambia, ili asijivune! Na shukrani yake ni aandike, atie sahihi! Nisipoandika nitapona. Unajua hilo? Jumamosi nasimama mbele ya kamati, nasema Kipara amejiwekea jeti zake mwenyewe ili kunisingizia, nani atabisha? Gereji inabaki yangu. Na Jumapili—"

Hakumaliza. Mkewe alikuwa amepiga magoti anaokota vifungo, na hakuinua kichwa, lakini mikono yake ilikuwa imesimama.

Huyo aliyekuwa anazungumziwa, mkewe ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa hajui kutembea. Masikio alilijua hilo. Alilijua pia jambo lingine, ambalo hakuna kamati ingeweza kumwondolea: Jumapili, hata akijifungia ndani na kuziba masikio kwa pamba, angelisikia gari lile likipanda. Angesikia linavyokwenda vizuri. Angesikia lilivyo kavu, bila petroli ya kulipoza. Angejua ni kona gani.

"Karatasi iko wapi?" alifoka.

"Droo ya juu."

"Na kalamu inayoandika, si hii ya kuchora vitambaa!"

Aliandika kwa herufi kubwa, akibonyeza mpaka karatasi ikatoboka mahali pawili. Karatasi ya kwanza aliijaza matusi matupu, akaichana. Ya pili ilianza vizuri ikaishia kwenye habari za betri mbovu, nayo akaichana. Ya tatu aliiandika bila kusimama, na alipomaliza alimpa mkewe aisome. Ilisema:

*Shemeji,*

*Jeti zilizokuwemo ni kubwa kwa saizi mbili. Niliziweka mimi kwa makusudi. Sikukwambia. Mlimani nilisema sikuzidisha, na huo ulikuwa uongo.*

*Sababu ni mguu wako. Siku ya majaribio injini iligonga kwenye kona ya juu na wewe hukuinua. Ningekwambia uinue usingeinua. Kwa hiyo nilikuongezea petroli ipoze silinda.*

*Mwambie Kipara azirudishe. Plagi hazikuwa nyeusi kwa sababu ya jeti tu. Zilikuwa nyeusi kwa sababu ulitembea mji mzima nazo unapunga mkono. Tembea na za moto, funga baridi mstarini, na boneti ifunguliwe hata wakikuimbia mpaka kesho. Ukipanda na jeti ndogo, gari litakwenda vizuri sana, usidanganyike. Pistoni itatoboka kona ya juu. Unajua pale palivyo.*

*Barua hii wape kamati ukitaka. Sitaikana.*

*Wewe ni mpumbavu.*

*Masikio*

Mkewe alisoma mpaka mwisho, akarudia. "Toa hiyo ya mpumbavu."

"Hiyo ndiyo iliyo kweli kuliko zote."

"Akiiona ataichana."

"Iko mwisho. Akifika hapo atakuwa ameshasoma habari za jeti."

Mkewe alimrudishia karatasi. Masikio aliikunja mara nne. Bahasha waliyoipata ilikuwa kuukuu na gundi yake imekauka, ikakataa kushika hata alipoilamba kwa ulimi ule ule ulioungua. Aliitukana bahasha. Alitafuta kopo la gundi ya kubandikia sponji za viti, akapaka ya kutosha kushikilia mlango wa lori, akaibana chini ya ngumi yake, akasimama hivyo, uzito wote juu ya ngumi, akipumua kwa pua.

"Imeshika," mkewe alisema.

"Najua imeshika."

"Basi nipe."

Aliinua ngumi. Mkewe aliichukua bahasha kwa ncha za vidole, gundi ikiwa bado mbichi pembeni, akaiweka kifuani ndani ya nguo na kujifunga mtandio.

"Mkononi mwake," Masikio alisema. "Si kwa Kipara, si kwa yule wa betri. Mkononi mwake, na usitoke mpaka aifungue."

"Sawa, mume wangu."

"Na usiniambie nimefanya vizuri!"

"Sijasema kitu."

Alitoka. Barabarani alisimamisha pikipiki, akapanda kwa upande, mkono mmoja ukimshika dereva bega, mwingine umekaa kifuani juu ya barua. Masikio alibaki mlangoni, uso umefura kwa hasira, akaisikiliza pikipiki ikibadilisha gia kuelekea darajani.